Maji ya Mvua na Batiri ya Kamio

Mimi sikusoma sana, lakini maji nayajua. Hapa Goma, juu ya mawe ya volkano, hukuti kijito. Tulikuwa na maji ya ziwa, tunapanda nayo kichwani, na maji ya mvua tunayokinga kwenye bati. Ya mvua yalikuwa ya heshima: kupikia wageni, kuogesha mutoto muchanga.

Miaka ile ya hamsini bwana yangu alinunua kamio, lori kuukuu la muzungu mumoja mwenye shamba la kahawa. Batiri ilikuwa inakufa kila juma. Kule garaje ya Bazungu wangeichaji, lakini walimusimamisha nje mpaka jioni kama mbuzi wa kuuza. Jirani mwenye mashini ya kusaga alikubali tuiunge kwake, ila mashini yake ilizunguka siku ya soko tu. Basi bwana yangu akachagua moteri ndogo ya esansi, yaani petroli, na dinamo ya kuichaji batiri, vikae kwetu, ndani ya kibanda changu cha kuni. Sikuulizwa. Kuni zangu zikalala mvuani.

Fundi aliyeifunga alituambia sote: "Batiri ikichemka, maji yake yatapungua. Muongeze ya mvua tu. Ya ziwa yana chumvi, yataiua."

"Papa, hii batiri yako inakunywa vizuri kupita mimi," nikamuambia bwana yangu. Akacheka.

Mama mukwe, aliyeishi nasi, hakucheka. Akasonya. "Maji ya wageni mupe chuma?"

Kazi ya kuongeza maji nilipewa mimi. Asubuhi moja nikamukuta mama mukwe ameinama juu ya batiri na kibuyu cha maji ya ziwa. "Nakusaidia," akasema. Kwetu bibi-arusi hapingi mama mukwe. Hata jina lake halitaji. Na kumushitaki kwa mutoto wake ni kutafuta kurudishwa kwenu. Nikasema, "Asante, mama." Akaendelea hivyo kila juma. Nikaendelea kushukuru.

Kisha mutu akatoka Rumangabo, kwa wazazi wangu, akaniambia mama yangu muzazi amezidiwa, ananiita. Bwana yangu akaniambia nipande kamio haraka. Kamio haikukohoa hata mara moja. Majirani wakaisukuma juu ya mawe, bwana yangu akazungusha manivele, kile chuma cha kuwashia moteri kwa mukono, mpaka mikono ikachubuka. Akafungua batiri, akachungulia, akaniangalia.

"Ulitia nini humu?"

Mama mukwe alikuwa amesimama mulangoni. "Muulize vizuri," akasema. "Kuni zake zilifukuzwa humo. Hakuipenda hii kitu toka siku ya kwanza."

Nikamufunga mutoto mugongoni, nikatembea mpaka Kibati, na kule nikangoja hadi kamio iliyopakia mbao ikanibeba.

Nilipofika, wanaume walikuwa wanaosha udongo kwenye majembe. Dada yangu aliniambia mama aliuliza mara tatu kama kuna muungurumo wa gari barabarani. Walimudanganya kwamba upo.

Nikakaa siku za matanga, nikarudi kwa bwana yangu, maana watoto wangu wengine walikuwa kule. Mama mukwe akanipokea vizuri, akanipikia kwa maji ya mvua, kama mugeni.

"Pole, binti yangu," akasema. "Gari si kitu cha kutegemea."

"Ndiyo, mama," nikasema. Nikala.