Kwenda Ngenge Kuuliza Maana ya Roja

Niliondoka Bukoba kwa sababu ya neno moja. Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, nami nilikuwa mpokeaji wa simu ya upepo katika ofisi moja ya serikali. Jumatatu nilisoma hewani amri ya mkuu wangu: Alhamisi malori yangefika Ngenge kuwahamishia watu kwenye kijiji kipya. Leonida, mwuguzi aliyeendesha mashine ya simu hiyo katika zahanati ya huko, akajibu, "Roja. Lakini subiri, Bukoba, subi..." Sauti ikakatika.

Mkuu akaandika kitabuni: Wamekubali.

"Mzee," nikasema, "roja maana yake nimekusikia. Anayekubali kutekeleza husema wilko. Leonida nilimfundisha mwenyewe hewani, hawezi kuyachanganya."

"Roja ni ndiyo," akasema, akafunga kitabu.

Jumanne nzima nilimwita. Nilipata mikwaruzo tu, nikakisia betri yake imekufa.

Jumatano alfajiri nilitoka nyumbani Nshambya na betri ya akiba ya ofisi ndani ya gunia, bila ruhusa ya mtu. Mke wangu aliuliza nikifukuzwa kazi itakuwaje. Lori la kubeba kahawa likanichukua, na kila liliposimama kupakia magunia nilishuka kwa kukosa subira, nikalizunguka, nikapanda tena.

Muleba tulifika saa nne. Nikaazima baiskeli kwa fundi mmoja, nikafunga betri nyuma kwa kamba za migomba. Njia ya kuteremka Ngenge ilikuwa mawe matupu. Mara mbili gunia lilianguka, na mara mbili nilipiga magoti kunusa kama tindikali imemwagika.

Saa tisa alasiri nikaingia zahanati. Kwa sauti yake nilidhani Leonida ni mama mnene. Kumbe ni mdogo wa umbo, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Wewe ndiye Bukoba?"

"Ndimi."

Nyuma yake watoto walilala mikekani, wamejaa vipele.

"Nilitaka kusema surua," akaniambia. "Kijiji kipya hakina hata paa. Ukiwapakia hawa kwenye lori la wazi, unawaua."

Baba mmoja aliyempakata bintiye akaongeza, "Hatukatai kuhama, waitu, ndugu yetu. Wapone kwanza."

Tukaunganisha betri. Taa ya mashine ikawaka. Aliyepokea Bukoba alikuwa mkuu mwenyewe.

"Bukoba, hapa Ngenge. Watu wamesikia amri, hawajaikubali. Kuna surua. Tunaomba malori yasije. Ova," nikasema, nikamwachia zamu ya kujibu.

"Nani anaongea? Ova."

Nikataja jina langu. Akajibu: "Roja. Ova."

Leonida akanitazama. Roja gani, ya mkuu au yangu? Nikabonyeza kitufe.

"Umesikia tu, mzee, au utatekeleza? Ova."

Mikwaruzo. Mikwaruzo.

"Wilko. Malori hayatakuja. Wewe rudi ofisini. Auti," akafunga mazungumzo.

Alhamisi nilirudi Bukoba kupokea barua ya onyo. Watoto wawili walifariki wiki hiyo; wengine walipona, na watu wakahama baada ya mvua, paa zikiwa zimeezekwa.

Nilikuwa nikiamini kazi yangu ni kufikisha maneno. Ngenge nilijifunza kwamba neno laweza kufika lote, bila kupungua herufi, lakini lisieleweke, na watoto wagonjwa karibu wapakiwe lorini. Tangu hapo sikuzima mashine bila kuuliza swali la pili, umesikia tu au umekubali, hata kwa wakubwa. Walinichukia kidogo. Sikuacha.