Amina ya Haraka

Kwetu Ruashi hakuna aliyetoka mlangoni na begi kabla baba hajaomba. Hata kama ni safari ya Kambove ya kurudi jioni, ungekaa. Tulikaa wote, wageni pia, mizigo katikati ya sebule, na hakuna aliyeigusa mpaka tuitikie amina. Baba alitoka Kivu akiwa kijana, akaishi kwa malori ya maharagwe, basi maombi yake yalikuwa ya mwenye malori: "Mungu, chunga mapine, chunga frein, shofere asisinzie." Nilipopanda ndege mara ya kwanza aliomba hayo hayo, magurudumu na breki, nikacheka hadi mama akanifinya. Sauti ya baba ilikuwa nene, haina haraka. Naitamani hadi leo.

Kiharusi kilimpiga upande wa kulia, kikaondoka na maneno. Akili ilibaki, alijua anachotaka kusema, ila hakikutoka. Nasi, kwa kumpenda, tukawa wepesi wa kummalizia. Akisema "ma," mama ameshaleta maji. Hata maombi ya safari akayachukua mama.

Siku niliyohamia Kinshasa kikazi, mama alipofumba macho aanze, baba aliinua mkono wa kushoto. Alitaka kuomba mwenyewe.

"Mungu," akasema. Tukangoja. "Mungu... ma... mapine..."

Kisha kimya. Nje, teksi ya kunipeleka uwanja wa ndege wa Luano ikapiga honi. Nilidhani ameishiwa nguvu, nikaogopa atalia mbele ya watu.

"Amina," nikasema.

Wote wakaitikia, wakainuka, mizigo ikabebwa. Nilipomwinamia kumuaga, mdomo wake ulikuwa bado wazi, macho yamenikazia. Alikuwa anatafuta neno lililofuata. Nilikuwa nimemkatiza baba yangu maombi. Kwa miezi hakujaribu tena.

Kila Jumapili mama humwekea simu sikioni. Mwanzoni nilikuwa naongea mimi tu, habari za kazi, habari za mvua, ili kimya kisinifikie. Siku hizi nasalimu, nanyamaza. Nasikia pumzi, ulimi ukihangaika, pumzi tena. Jumapili iliyopita nilisikia "Mungu," halafu hakuna kitu kwa muda mrefu, hadi mama akachukua simu.

"Ungali kule, mutoto yangu?"

"Niko, mama. Murudishie telefone. Baba angali anaomba."