Nilivyozima Injini Tukienda kwa Wakwe wa Mutua

Kuna boma moja upande wa Kibwezi ambako mpaka leo nikifika, watoto hukimbilia langoni kusikiliza kama gari langu linanguruma. Msinihurumie. Aibu ile niliitengeneza mwenyewe, na akili zangu timamu, zile akili za chuo kikuu ambazo siku hizo nilizitumia zaidi kumpinga mtu yeyote aliyenizidi umri.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, nimemaliza masomo na kurudi nyumbani Matinyani kungoja kazi (na kazi nayo, nadhani, ilikuwa inaningoja mahali fulani, ila hatukuwa tumeambiana ni wapi). Baba alikuwa na stesheni wagon kuukuu iliyotupeleka kanisani, sokoni, hospitalini na matangani. Mshale wa petroli ulikuwa umekufa miaka mingi, umelala palepale katikati, tanki likiwa limejaa au likiwa tupu. Baba alijua kiasi cha petroli kwa kulisukuma gari na nyonga, kisha anatega sikio. Akisikia inavyocheza ndani ya tanki anasema, "Tutafika," au, "Hatufiki," na hapo ndipo mjadala ulipoishia.

Mimi mambo hayo yalinichoma. Nikatoa kile kitabu cha gari kilichokuwa kimesahaulika chini ya kiti, nikasoma lita moja inakwenda kilomita ngapi, nikapiga hesabu, nikamwambia Baba kwamba miaka yote hiyo amekuwa akichoma petroli bure kwa sababu ya kuendesha vibaya.

"Kitabu hicho," Baba akasema, "kimewahi kufika Mutomo?"

"Baba, sayansi haibadiliki kwa sababu ya Mutomo."

"Kimewahi kubeba mama yako na mbuzi?"

Aliuliza juu ya mbuzi kwa sababu Jumamosi ile ilikuwa siku ya ntheo ya kaka yangu Mutua, yaani siku ya kupeleka mbuzi kwa wazazi wa msichana ili ijulikane kwamba ana mwenyewe. Msichana alikuwa Mbithe, wa huko Kibwezi, na babake alikuwa anajulikana kwa ugumu. Wachumba wawili waliomtangulia Mutua walirudishiwa mbuzi wao, mmoja kwa kuchelewa, mwingine kwa kusalimia amekaa. Mbuzi wetu wakirudishwa, Mutua angempoteza Mbithe, na Mutua hakuwa mtu wa maneno mengi lakini mwezi mzima alikuwa hali chakula vizuri.

Basi mtu mwenye akili angejaza tanki na kunyamaza. Mimi nikamwomba Baba aniachie usukani, nimwonyeshe kwamba petroli iliyokuwemo inatosha kwenda na kurudi. Baba akalisukuma gari na nyonga, akatega sikio, akasema, "Hatufiki." Nikamwambia sikio si kipimo. Nadhani alichoka kubishana, au labda (hili nililifikiria baadaye sana) alitaka kwa mara moja kuona elimu aliyoilipia inafanya nini barabarani. Akanipa ufunguo.

Jambo la kwanza nililofanya ni kushusha kile kibuyu cha plastiki cha petroli ya akiba ambacho Baba hakukosa kukibeba, nikakiacha nyuma ya jikoni. Kilikuwa kinaongeza uzito.

Tukaondoka asubuhi. Mutua alikaa mbele pamoja nami ili suti yake mpya isikunjwe. Baba, Mama na Mzee Nzioka, rafiki ya Baba ambaye ndiye angekuwa msemaji wetu, walikaa katikati, na nyuma kabisa mbuzi watatu wakawa wanampumulia Mzee Nzioka kisogoni. Nikaenda polepole kama anayebeba mayai. Kila tulipofika kwenye mteremko, nilitoa gia, nikazima injini, tukateleza kimya, upepo tu na mbuzi, na chini kabisa nikawasha tena. Penye kilima kirefu kupita Mutomo niliwaomba abiria washuke watembee kidogo.

"Kyalo," Mama akasema akiwa ameshika mlango, "yaani mimi ni mzigo?"

"Si wewe peke yako, Mama. Ni jumla."

"Na mbuzi je, mbona hawashuki?"

"Mbuzi wakishuka watakimbia."

"Hata mimi naweza kukimbia," Mama akasema, lakini akashuka. Mzee Nzioka naye akashuka, na kofia yake ya heshima, akapanda kilima kwa miguu akikohoa vumbi letu. Mutua alibaki ndani, anaangalia saa.

Tulifika karibu na boma lile mapema, na hapo nikaanza kujisifu. Boma lenyewe liko chini ya mteremko mrefu, na kutoka juu tuliwaona akina mama wamejipanga langoni, tukasikia nyimbo. Ni lazima niwaeleze utaratibu. Kwa ntheo mgeni haingii tu. Anasimama nje ya lango, anajulisha kwamba amefika, wenyeji wanamwimbia, wanamhoji, wanamcheleweshachelewesha, mpaka wenyewe watakapoamua kumfungulia. Na zaidi ya hayo, mwanamume na mama mkwe wake kwetu hawakutani ana kwa ana hivihivi. Ni heshima nzito, wakionana njiani mmoja anapisha kichakani.

Nikatoa gia, nikazima injini.

"Washa," Baba akasema.

"Baba, huu ndio mteremko wa mwisho, ni petroli ya bure."

Katikati ya mteremko nikakanyaga breki na breki ikawa ngumu kama nimekanyaga ukuta (kwamba breki za gari lile zilitegemea injini, kitabu kilikuwa kimesema, lakini ukurasa huo sikuufikia). Nikawasha. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Nikawasha tena, haikukohoa hata. Nikavuta breki ya mkono, ambayo tangu zamani ilikuwa ni pambo. Ningepiga honi, lakini mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani na kinywa kilikuwa kinaomba.

Akina mama walituona tunakuja, wakazidi kuimba, kisha wakaona tunazidi kuja, wakaacha kuimba na kupisha huku na huku. Tukapita katikati yao kimya kabisa kama watu wenye dharau kubwa. Tukapita lango. Tukawapita wazee kwenye viti, mmoja amenyanyua mkono kusalimia. Tukamaliza mwendo wetu mlangoni pa jikoni, kwenye gunia la mbaazi, na hapo akatoka mama mzazi wa Mbithe na mwiko mkononi kuona ni nini, akakutana uso kwa uso na Mutua.

Mutua akapotea chini ya dashibodi, na suti. Yule mama akajifunika kanga kichwani, akarudi ndani kinyumenyume.

Babake Mbithe akaja taratibu, akainama dirishani kwangu. "Gari linaloingia kwangu kimya," akasema, "huwa la polisi au la maiti. Nyinyi ni wepi?"

Mzee Nzioka, Mungu ambariki, alishuka akavua kofia. "Mzee mwenzangu, vijana wa siku hizi wana heshima. Huyu amezima injini ili kelele isiwasumbue wazee. Breki ndizo zimekosa adabu."

Wazee wakacheka kidogo. Babake Mbithe akafikiri, akasema, "Vizuri. Sasa rudini nje ya lango, mje kama watu. Washa."

Nikawasha. Haikuwaka. Akauliza lina nini.

Hapo ndipo mtu mwingine angesema hajui. Mimi sikuweza kuacha uongo wa Mzee Nzioka upite bila kusahihishwa, nikaeleza ukweli wote, kwamba petroli imekwisha, kisha kitabu, kilomita kwa lita, uzito, miteremko, jinsi nilivyopunguza matumizi tangu Matinyani. Nilieleza vizuri sana. Mama alikuwa ameziba uso kwa kanga.

Yule mzee akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Baba. "Mnakuja kumchukua msichana wangu, na njiani mnapima petroli. Akishafika kwenu mtampimia nini? Unga?"

Mzee Nzioka akavaa kofia yake. Nyuma, mbuzi mmoja akalia, na nikaona wazee wawili wanatazamana kama watu waliokwisha kuamua.

Ndipo mlango wa upande wa Mutua ukafunguka. Akatoka, akiangalia chini ili asimwone mama mkwe, akavua koti, akalikunja, akaniwekea mapajani. Akaenda mbele ya gari, akaegemeza mabega, akaanza kulisukuma kinyumenyume kuelekea langoni, peke yake, na sisi wengine bado ndani, mbuzi pia. Viatu vilikuwa vinateleza mchangani, lakini gari likasogea.

Mama akashuka bila kuombwa. Baba akashuka. Akina mama wa langoni wakaanza kucheka, kisha mmoja akaanzisha wimbo, na kabla hatujafika nje kaka zake Mbithe watatu walikuwa wameshika gari. Nje ya lango Mutua akazunguka nyuma, akanikazia macho, akasema neno lake la kwanza tangu asubuhi: "Honi."

Nikapiga honi. Tukahojiwa, tukaimbiwa, tukafunguliwa, tukaingia tukisukumwa.

Mbuzi walipokewa. Mimi nilitozwa wa nne, peke yangu. Jioni babake Mbithe akachota petroli ya pampu yake ya kumwagilia nyanya, akaimimina mwenyewe kwenye tanki letu. Kisha Baba akalisukuma gari na nyonga, wote wawili wakatega sikio.

"Mtafika," yule mzee akasema.

Baba ndiye aliyeendesha kurudi, na kwenye kila mteremko alikanyaga mafuta kwa makusudi, akinitazama kwenye kioo.

Bado nabisha mambo mengi. Lakini tangu siku ile sijazima injini kabla gari halijasimama, na sitazima, hata petroli ikiuzwa kwa kijiko. Na familia ikikaa pamoja, nikianza tu kusema kwamba jambo fulani halijathibitishwa, Mbithe huweka chini sufuria, akaniuliza kwa upole mkubwa, "Shemeji, injini inawaka?"