Mtaro Wetu Ulikuwa na Mwenyewe

Enzi zetu huku Eastlands, Nairobi, mtaro wa laini yetu ya nyumba ulikuwa na mwenyewe. Alikuwa Mzee Odhiambo, mtu wa gambuti nyeusi aliyeandikwa na kanjo, baraza la jiji, kuusafisha. Asubuhi, mandazi ya Mama Rukia yakinukia, ulimsikia akikwangua na sepetu lake: kwaru, kwaru. Ukitupa hata ganda la ndizi, alikuita kwa jina la baba yako.

Sasa siku moja mvua kubwa ikanyesha. Mimi, Achieng' na Rukia tukaona tusipate taabu ya kutafuta mto. Tukaziba mtaro kwa gunia na matope, tukaogelea! Achieng' alipiga mbizi akaibuka na tope mpaka kwenye kope. Kumbe maji yalirudi nyuma, yakaingia kwa Mama Rukia, yakalowesha unga wake wote wa mandazi.

Kesho yake akaja msimamizi wa kanjo, kofia kichwani. "Odhiambo, kazi imekushinda. Lete sepetu."

 Mzee alianza tu kulipangusa. Mama yangu alikuwa akituambia kila siku, "Chezeni na huo mtaro, maji yajae nyumbani, mtalala juu ya meza!" Hakutuambia kwamba mtu mwingine angekosa chakula. Rukia aliniangalia, mimi nikamwangalia Achieng', Achieng' akaangalia viatu vya msimamizi. Basi nikasema, "Ni sisi, bwana. Gunia ni la kwetu."

Tulichapwa, wee! Rukia alichapwa kwetu kwanza, halafu akaenda kuchapwa kwao, maana mtoto alikuwa wa laini nzima. Lakini mzee alibaki na kazi yake, na sisi tukamfagilia mtaro kila Jumamosi mpaka likizo ikaisha.

Alipostaafu hakuandikwa mtu mwingine. Ukiuliza ofisini, wanakwambia fungu la pesa za mitaro halijatoka. Juzi maji yalinifikia mlangoni, mjukuu wangu Shiru akatoa simu. "Shosho, usisonge, picha itatoka fiti!" Nilicheka mpaka nikakaa. Nikamwambia alete sepetu, akaniuliza, "Hiyo ni app gani?"

Tulizibua kidogo, yeye akishika pua, mimi nikishika kiuno. Zamani watoto watatu tuliziba mtaro kwa gunia moja, nusura mtu afutwe kazi. Sasa mtaa mzima unauziba kwa nepi na chupa za plastiki, na hata wa kufutwa hatuna.