Mgeni Aliyekataa Cha Sufuria

Kitendawili, wajukuu zangu. Semeni "tega" nisikie kama mko macho.

Nina mgeni. Anakula cha moto, anakula cha mti, lakini cha sufuria hagusi hata umbembeleze. Kwa nini?

Msikimbilie kujibu. Mimi nilikaa na hilo swali karibu wiki nzima, na siku nilipopata jibu nilitema mate mpaka kinywa kikakauka.

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili, ule wa ukame, huku kwetu Kalama.

Mvua ilikuwa imetuhepa. Tangi letu la mabati nyuma ya jikoni, ukiligonga lililia kama ngoma kutoka juu mpaka karibu na mfereji. Maji yaliyobaki yalikuwa ya kupika na kunywa tu.

Kuoga ilikuwa kujipangusa. Nguo nazo hatukuzifua ovyo. Unavua, unaianika kwa kamba vile ilivyo, jua na upepo vimeze harufu, halafu unaivaa tena.

Kama mmekunja pua hapo, ikunjueni kwanza. Mtaihitaji mbele.

Mgeni mwenyewe alikuwa Mwendwa, bwana ya binti yangu Ngina. Wanakaa Konza. Mwendwa ni fundi wa mabati, na mzee wangu Ndambuki alimwita aje atutengenezee gata ya kukinga maji ya paa kabla ya mvua ya Novemba, ili tone likishuka lisipotee.

Sasa, Wakamba wanalijua hili, na wengine niwaeleze. Kati ya mama mkwe na mume wa binti yake kuna nthoni, ile haya ya heshima. Tukikutana kwa njia, yeye anaingia vichakani mpaka nipite. Hatuketi meza moja. Chakula chake nampelekea kwa mkono wa mtu mwingine. Na kitu chochote cha mwili wangu, hata kiatu, hawezi kukitaja mbele yangu wala mbele ya mzee, wala kwa wanawake wa boma letu.

Kwa hivyo chakula kilipelekwa na Peris.

Peris ni bibi ya mtoto wangu Onesmus. Onesmus alikuwa anafanya kazi Athi River, anakuja nyumbani wikendi. Peris alikuwa bado mgeni kidogo kwetu, msichana wa Kithyoko, mkimya, mikono haitulii. Akimaliza kupika anashika sindano zake za kufuma. Wiki hiyo alikuwa anafuma fulana nyeupe ya mtoto wa Ngina.

Na kulikuwa na mtu mwingine nyumbani. Mbula.

Mbula ni dada mkubwa wa mzee wangu. Alikuja kututembelea siku mbili, na sasa alikuwa ameingia mwezi wake wa pili kwetu. Mdomo wake hauna likizo.

Jumatatu asubuhi Mwendwa alikunywa chai vizuri, vikombe viwili, akapanda juu ya nyumba. Upepo siku hiyo ulikuwa mkali, ule wa kubeba kuku. Aliondoa mfuniko wa tangi apime mahali gata itamwagia.

Saa nne Peris akampelekea uji.

Akarudi nao.

"Amesema ameshiba, mama."

Mchana nikamtumia muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa na maharagwe, umeiva mpaka unateleza. Ukarudi. Jioni ugali na mboga. Ukarudi.

"Ameshiba na nini?" nikamuuliza Peris.

"Sijui. Ameomba viazi vitamu vibichi. Ameviingiza kwa majivu mwenyewe."

Mbula akakohoa kile kikohozi chake. "Mkwe hakatai sahani bure."

Jumanne ndio niliona chai ina macho.

Yaani macho. Vitone vya mafuta vya duara vilikuwa vinaelea juu ya kikombe na kuniangalia. Nikanusa. Harufu ilikuwa ya kitu ninachokijua lakini siwezi kukishika jina, kitu cha mnyama na cha majani pamoja.

Nilimeza funda moja. Likapita kooni kama konokono.

"Peris," Mbula akasema, akipitisha kidole ndani ya kikombe chake na kukiinua sote tuone kinavyong'aa, "huko kwenu Kithyoko vikombe huoshwa ama hulambwa?"

Peris alikusanya vyombo vyote vya nyumba hii, akavisugua kwa jivu na mchanga mpaka sufuria zikawa kama vioo vya kinyozi.

Mzee wangu peke yake alifurahi. Alikuwa na kifua cha miaka mingi. Alivuta chai, akavuta pumzi, akasema, "Chai ya wiki hii inafungua kifua. Mama Ngina, ongeza."

Nikamwongezea. Mungu anisamehe, nikamwongezea.

Jumatano mambo yakawa mabaya.

Tulikuwa tunakula muthokoi. Mbula akaacha kutafuna. Akaingiza vidole mdomoni, akashika kitu katikati ya meno, akaanza kuvuta.

Akavuta. Kikaja. Akaendelea kuvuta.

Ulikuwa uzi. Mweupe, mrefu, umelowa, una mng'ao wa mafuta. Aliuweka mezani ukajikunja kama mnyoo.

Mimi niliweka kijiko chini na nikajua siku hiyo sitakula tena.

"Uzi mweupe," Mbula akasema polepole. Akageuza macho kwa ile fulana ya mtoto iliyokuwa juu ya kiti. "Sasa tunalishwa sweta."

"Auntie, mimi hufuma nikimaliza kupika," Peris akasema. "Sifumi jikoni."

"Basi uzi ulitembea. Una miguu."

Huku nje, Mwendwa alikuwa anachoma mahindi. Alikuwa amekula papai letu moja zima. Jioni alikamua ng'ombe moja kwa moja ndani ya kopo lake na akanywa hapo hapo zizini. Na maji ya kunawa alikuwa anaenda kuyachota mbali, kwa kisima cha mchanga mtoni, ati amezoea ya huko.

Mbula aliyaona yote hayo na akayapa maana yake. "Mnaona? Kijana wa watu ameona kitu kwa mikono ya huyu msichana. Hata maji aliyochota hataki yamguse."

Alikuwa anasema kwa sauti ya chini, lakini ile sauti ya chini inayofika jikoni.

Alhamisi nikampata Peris nyuma ya boma analia bila sauti, fulana ya mtoto mapajani.

"Mama, mimi nina nini?"

"Huna kitu, mwanangu."

"Kama sina kitu, huyo mgeni aseme kwa nini hali chakula changu. Onesmus akija Jumamosi anirudishe kwetu. Siwezi kukaa mahali watu wananiogopa kama sumu."

Na alimaanisha. Nilimwona machoni. Nikawaza vile Onesmus wangu atarudi apate nyumba ina mwangwi.

Lakini ningefanya nini? Kumuuliza Mwendwa ana kwa ana siwezi, nthoni inanikataza. Nikamtuma mzee.

Ndambuki akaenda. Nikawaona kwa dirisha wakiongea sana, wakionyeshana mbuzi. Akarudi.

"Umemuuliza?"

"Nimemuuliza."

"Amesema nini?"

"Amesema ameshiba. Na ule mbuzi mweusi ana minyoo."

Ijumaa nikaamua nitapika mwenyewe.

Nilimwambia Peris akae mbali kabisa. Nikachukua sufuria mpya iliyokuwa imefichwa ya wageni wa kanisa. Nikafungulia mfereji, maji yakatoka kidogo kidogo, mazito, kama tangi lina mafua. Nikapika chai na mikono yangu hii.

Ilikuwa mbaya kuliko ya Peris.

Macho ya mafuta yalikuwa makubwa kama ya mbuzi. Harufu ilinipanda puani mpaka machozi yakatoka. Nilikimbia nje nikarudisha kila kitu chini ya mpapai, nikiwa nimeshika kiuno.

Hapo nikajua si Peris. Nikamwambia Mbula.

"Umeishi naye karibu, umechukua tabia yake," Mbula akanijibu, na akajimiminia kikombe. Kwa sababu mtu huyo alikuwa analaani ile chai na kuinywa. Wiki nzima sikumwona akiacha hata tone.

Siku hiyo nilikuwa pia na kisirani changu kingine. Petikoti yangu ilikuwa imepotea.

Ile nzuri, nyeupe, ya lesi. Ndiyo nilikuwa nalala nayo. Tangu Agosti nilikuwa najichua magoti na kiuno kwa mafuta ya mkia wa kondoo aliyonitumia Ngina, nikiyachemsha na majani ya mkaratusi, na baridi ya usiku nayo ilitaka nguo. Niliianika siku moja ipigwe na upepo na sikuikuta tena. Nilidhani mbwa wa jirani. Nikazunguka boma lote nikiuliza kwa sauti nani ameona petikoti yangu.

Juu ya nyumba, Mwendwa akaangusha nyundo.

Nikadhani ni haya imemshika, mama mkwe kutaja nguo ya ndani na yeye anasikia. Hata mimi nikaona aibu, nikaingia ndani.

Jumamosi mchana Onesmus akafika.

Alikuta Peris mlangoni na begi. Fulana ya mtoto ilikuwa juu ya begi, imekunjwa, haijamalizika mkono mmoja.

"Unaenda wapi?"

"Kwetu. Muulize mgeni wenu kwa nini."

Mwendwa alikuwa anashuka ngazi. Alipomwona Onesmus alitoa pumzi kama mtu ametua gunia. Onesmus ni shemeji yake, wao hutaniana, kati yao hakuna nthoni. Akamvuta kwa mkono.

"Bro, nimekungoja wiki nzima. Kuja hapa kando nikunong'oneze kitu."

"Hapana," Peris akasema.

Sikuwahi kumsikia na sauti hiyo.

"Hapana. Kunong'onezana ndio kumenimaliza kwa hii nyumba. Kama ni mimi mchafu, useme nikisikia. Kama si mimi, useme na huyu auntie akisikia. Ukimnong'oneza, mimi nimeenda."

Mwendwa akaniangalia, akaangalia chini haraka. "Mama akiwa hapo siwezi."

"Kwa nini?" Onesmus akauliza.

"Siwezi, bro. Mwambie mama aingie ndani."

Mbula alikuwa amesimama hapo na kikombe chake cha tatu, akipuliza macho ya mafuta yaende upande mmoja. "Si aseme tu. Sote tunajua ni nini. Mikono."

Mzee wangu naye alikuwa kwa kigoda, na chai yake ya kifua.

Peris akainua begi.

Sasa nisikizeni hapa, kwa sababu nikifika mwisho hamtanisikiza tena, mtakuwa mnacheka ama mnatapika.

Heshima yetu naipenda. Nimelelewa nayo na nitazikwa nayo. Lakini mtu akiona ubaya umeingia kwa chakula cha watu, afunge mdomo ati ni heshima, hiyo si heshima tena. Hiyo ni woga umevaa suti ya kanisa. Na anayelipia ni yule mnyonge wa nyumba, yule asiye na mtu wa kumtetea, wakati wote tunakunywa na kulaumu mikono yake. Wafundisheni watoto wenu kusema. Waseme wakiinamisha kichwa, waseme wakigeuka upande, lakini waseme.

Basi mimi nilifanya kitu ambacho mama yangu angenichapia. Nilisimama mbele ya mkwe wangu.

"Mwendwa," nikasema, "mimi ndiye nakuuliza. Huyu mtoto anaenda. Kwa nini huli cha sufuria kwangu?"

Akavua kofia. Akanigeuzia mgongo, uso wake ukaangalia tangi, na akaongea kama mtu anasoma jina kaburini.

"Mama, ile petikoti yako ya lesi unayoitafuta, upepo uliiangusha ndani ya tangi Jumatatu, hata haijafuliwa. Nilijaribu kuitoa na waya, ikanishinda, ikazama ikaenda kuziba hapo kwa mfereji."