Difu ya Kumtoa Mama Bondeni

Siku mama alipobebwa juu ya kitanda kupandishwa mlima wa kwetu Itiryo, alijifunika kitenge usoni asionwe. Pikapu yangu ilikuwa imekwama katikati ya mlima, matairi ya upande mmoja yameingia mferejini, na mvua bado inanyesha. Vijana wanne wa jirani waliacha majembe, wakambeba mpaka barabara kuu tulikopata gari lingine. Walimbeba kwa heshima, bila kumtikisa. Lakini alipojifunua uso aliniambia, "Mwanangu, watu hubebwa hivi wakishakufa. Mimi hospitali siendi tena."

Alikuwa amevunjika nyonga, na kila wiki alitakiwa kufanyishwa mazoezi ya mguu Tarime mjini. Mimi naishi Turwa, nanunua ndizi vijijini na kuziuza mjini, kwa hiyo kumpeleka ilikuwa juu yangu. Wiki iliyofuata alikataa. Iliyofuata tena akakataa. Ya tatu nilimkuta akijikokota kutoka jikoni, ameshika ukuta, ananiambia amepona.

Nilimpigia simu kaka yangu, fundi magari wa Sirari. Amekaa mpakani miaka mingi, wateja wake wengi wanatoka Kenya, na Kiswahili chake nacho kimeshavuka. Nikamwambia kwa hasira kwamba hii gari niliambiwa ina kompyuta ya kuzuia utelezi, mbona imenitupa?

"Kompyuta iko sawa," akasema. "Gurudumu moja likikosa kushika, nguvu yote inakimbilia hapo hapo linapozunguka bure. Kompyuta ikiona, inalipiga breki na kupunguza nguvu ya injini. Sasa nguvu ikipungua kwa mlima, utapanda aje?"

"Basi tuizime."

"Usizime. Tubadilishe difu."

Difu ni lile bonge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma linalogawa nguvu kwa magurudumu mawili. Ya kwangu ilikuwa ya kawaida. Kaka alikuwa amepata nyingine, kutoka kwenye gari la aina ile ile lililopinduka, yenye sahani ndani zinazobanana ili gurudumu moja lisikimbie peke yake. "Kompyuta inangoja uteleze ndipo ishike," alisema. "Hii haingoji."

Tulifanya kazi hiyo wawili, gereji kwake, siku mbili. Tangu utotoni hatukuwa tumeshika kitu kimoja pamoja kwa muda mrefu hivyo. Yeye alikuwa chini ya gari, mimi nikimpa spana, halafu akaniita na mimi nilale chini, kwa sababu mikono yangu ni myembamba na nyaya za sensa, vile vidude vinavyoiambia kompyuta kila gurudumu linavyozunguka, ziko mahali pabaya. Alipaka rangi kwenye meno ya difu, akayazungusha, akatazama alama zilipokaa, kama meno yanaumana sawasawa. Hakuridhika. Akafungua yote. Akarudia. Mara ya tatu nikamuuliza kama wateja wake wote huwafanyia hivyo.

"Mteja ningekuwa nimeshamfungia," akajibu, bila kunitazama. "Huyu ni mama."

Jumamosi tulishuka Itiryo, jua kali, njia kavu. Kaka alisema difu inayobana lazima kwanza izoeshwe kwa kuzunguka polepole, namba nane baada ya namba nane, kisha oili imwagwe na kuwekwa nyingine. Uwanja wa shule ya msingi ulikuwa mtupu. Mama aliposikia hatuendi hospitali, tunazunguka tu, akakubali kupanda mbele.

Tukazunguka. Kila kona gari lilikoroma kwa nyuma, krrr, krrr, na mama akawa anashika dashibodi.

"Linaumwa?"

"Linazoea, mama," kaka akasema kutoka kiti cha nyuma.

"Kama mguu wangu," mama akasema. Tukacheka wote watatu. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu alipoanguka.

Mara taa mbili za njano zikawaka kwenye dashibodi, ya breki na ya utelezi. Nikamwona kaka kwenye kioo, ameshika kichwa, na najua alikuwa anawaza kwamba ameharibu. Ndipo nikakumbuka kwamba sensa ya kushoto niliirudisha mimi, tena kwa haraka, bila kuifuta. Nikazima gari, nikaingia chini na kanga yangu, nikaichomoa. Ina sumaku. Vumbi la chuma lilikuwa limeishika kama ndevu.

"Ni mimi," nikamwambia kaka.

"Ilikuwa niangalie," akasema. Akainama, akanifuta udongo mgongoni kama alivyokuwa akinifanyia tukienda shule.

Nikaifuta sensa, nikairudisha. Tulipozunguka tena, taa zikazimika.

Mvua ilirudi Jumanne. Niliposhuka kumchukua mama sikuwa na hakika atakubali, lakini nilimkuta amekaa kibarazani, amevaa viatu. Akapanda mbele. Mlimani, pale pale penye mfereji, nikahisi nyuma inateleza kidogo. Taa ya utelezi ikawaka na kuzimika mara moja. Halafu magurudumu yote mawili yakashika udongo pamoja, na gari likapanda taratibu, bila kulia. Mama alikuwa ameuma kitenge. Tulipofika barabara kuu akakitoa mdomoni, akakikunja vizuri mapajani.

Hospitali alitembea mwenyewe mpaka ndani, kwa fimbo. Muuguzi mmoja, kijana aliyepangiwa kazi huku kutoka mikoa ya kusini, akamwambia, "Shikamoo bibi, ulikuwa umetukimbia," na mama akajibu kwamba njia ndiyo ilimkimbia.

Tulipotoka nikageuza gari kuelekea nyumbani. Akanigusa mkono.

"Sirari ni mbali?"

Hatukumwarifu kaka. Tulimkuta uwanjani kwake, mikono myeusi ya oili mpaka viwikoni. Mama hakuwa amewahi kuiona nyumba yake. Kaka alimtazama mama akishuka mwenyewe, mguu mmoja, kisha wa pili, akasema anakwenda kunawa. Wifi alimkaribisha mama, akampa kiti karibu na dirisha, akapika chai. Chai ikaiva. Nikaenda kumwita kaka. Alikuwa amesimama mbele ya bomba, amenipa mgongo, maji yanamwagika kwenye mikono iliyokuwa imeshatakata kitambo.