Hatua Sabini kwa Sabini

Ofisini tunamwita Bi Nukta. Miaka ishirini na mbili amekaa meza ya pili kutoka yangu, hapa ofisi ya ardhi, na kazi yake ni moja: kuchukua hati za zamani za ekari na kuziandika upya kwa hekta. Anazidisha kwa sifuri nukta nne sifuri nne saba, anahakiki kichwani, kisha ananiletea nigonge muhuri. Kalkuleta anayo, ila anasema ni ya kuwanyamazishia wabishi.

Na wabishi hawaishi. "Nilikuwa na ekari mbili, mmeniandikia sifuri nukta nane. Nyingine mmekula?" Mimi mtu kama huyo ningeshamfukuza. Yeye humwambia taratibu, "Mzee wangu, shamba halijasogea. Kipimo kimekuwa kikubwa, ndiyo maana namba imekuwa ndogo."

Mwezi uliopita likaja faili la mjane mmoja, mshona nguo. Alinunua ekari moja kwa marehemu baba yake Bi Nukta, na mzee mwenyewe akaipima kwa miguu kama walivyopima zamani, hatua sabini kwa sabini. Sasa wapimaji wa mashine wamepita, wamepata hekta sifuri nukta tatu moja. Ekari kamili ingepita kidogo sifuri nukta nne.

Bi Nukta alirudia hesabu mara tatu, chai ikapoa. Ardhi iliyopungua ilikuwa upande wa pili wa mpaka, kwenye fungu lake la urithi, alipokwisha kuchimba msingi wa nyumba ya kustaafia. Nikamwambia bila haya, "Andika namba ya mashine, dada. Yaliyopita si ndwele."

Kaka yake aliposikia kwamba dada anataka mpaka usogezwe, akaja juu mpaka ofisini. "Unataka watu waseme baba alikuwa mwizi?"

"Hakuwa mwizi. Mwaka ule alikuwa ameumia nyonga. Alihesabu sabini na zilikuwa sabini, ila hatua zilikuwa fupi."

"Basi si kosa la mtu."

"Wala si la mjane."

Kaka mtu akaondoka amenuna, na sisi wengine tukajifanya tuna kazi nyingi.

Kesho yake mjane akaitwa. Bi Nukta alimweleza yote wazi: amepunjwa karibu mita za mraba mia tisa na hamsini, mpaka utasogezwa, na msingi yeye Bi Nukta atachimba mwingine, kwingine. Aliongea bila kumtazama usoni.

"Nilijua, mwanangu," mjane akasema. "Siku ile nilimfuata baba yako nyuma nikipigilia vigingi. Kila hatua alikuwa anauma meno kwa maumivu, na hakutaka kushikwa mkono. Ningemwambiaje arudie?"

Bi Nukta akainamia faili akalia, foleni nzima ikimtazama.